Siku Iliyoitwa Sipriani

Mpaka leo, na mvi hizi ambazo nimechoka kuzificha, mtu akiniuliza ni siku gani inayofuata Jumatatu, ulimi wangu husita kidogo kabla ya kujibu. Watoto wangu wameshalizoea jambo hilo na hunicheka. Juzi nilipeleka gari langu kwa fundi, nikakaa kwenye benchi nikingoja, na yule fundi akawa ananawa mikono kwa sabuni ya unga aliyoichanganya na mchanga ili oili itoke. Harufu ile ya oili iliyoungua na sabuni ya kufulia, zikiwa pamoja, ilinikamata pale pale. Nikajikuta nimerudi Buyenzi, uani kwa Bibi Mwajuma, nina miaka minane, nimeshika bido, dumu tupu la plastiki, na kungoja zamu yetu ya maji.

Nyie wa rika langu mliokulia Bujumbura hamhitaji kuelezwa ilikuwa miaka gani. Ilikuwa ile miaka ya watu kulala wamevaa viatu, na ukitaja kartie, yaani mtaa, unayokaa, aliyekuuliza alikuwa tayari ameshajua mengine yote aliyotaka kuyajua. Kwetu kulikuwa upande wa kaskazini wa mji, na nitaishia hapo. Asubuhi moja baba alitufungia godoro kwa kamba, akampa mama sufuria mbili na begi la nguo, akanifunga mimi vifungo vya sweta mpaka shingoni ingawa jua lilikuwa limeshaanza kuwaka. Baba alikuwa karani wa ofisini, mtu wa kalamu tatu kwenye mfuko wa shati. Kulikuwa na kazi aliyotaka kuikabidhi, na nyumba aliyotaka kuifunga vizuri kwa mkono wake mwenyewe. Alisema atatufuata Jumanne. Alisema kwa Kirundi, ku wa kabiri, maana nyumbani tulizungumza Kirundi, na alisema kwa sauti ile ile aliyozoea kusemea kwamba atarudi na mkate.

Tulikwenda Buyenzi kwa sababu wakati ule mtu asiye na pa kwenda alikwenda Buyenzi. Waislamu wa pale walikuwa wamekataa kuchambuana kwa makabila, na mlango wa mtu ulikuwa wazi kwa yeyote aliyefika na godoro lake. Mama alimfahamu Bibi Mwajuma kidogo tu. Zamani Bibi alikuwa amemshonea gauni. Bibi alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, mwenye cherehani barazani na miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Alitutazama, akalitazama godoro, akasema, "Ingieni. Namba nne iko tupu."

Ua wake ulikuwa na vyumba vitano vya wapangaji vilivyopangwa mstari mmoja, nyumba yake mwenyewe ikivitazama, na mbele, barabarani, kulikuwa na garaji ya fundi Hamisi, aliyekuwa amepanga kwa Bibi tangu ujana wake. Katikati ya ua kulikuwa na bomba moja lenye kufuli. Milango ya vyumba iliandikwa namba kwa rangi nyeupe, moja mpaka tano, lakini namba hizo zilitumika tu chumba kikiwa kitupu. Mtu akishaingia na kukaa, namba yake ilisahaulika. Hakuna aliyesema namba tatu, kwa mfano. Walisema kwa Mama Furaha, yule mama mjane kutoka Uvira aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni na ambaye kicheko chake kilisikika mpaka msikitini. Sisi peke yetu tuliendelea kuitwa namba nne. Bibi alikuwa na desturi yake kwamba chumba hubeba jina la mkubwa wa nyumba, na mkubwa wetu alikuwa bado hajafika.

"Akikuya baba yenu, tutaita kwa jina lake," alimwambia mama. "Sasa acha ikae namba."

Maji ya kunywa kila mtu aliyachota asubuhi, lakini maji ya kufulia yalikuwa na zamu, na zamu zilifuata namba za milango. Chumba cha kwanza kilifua Jumamosi, cha pili Jumapili, cha tatu Jumatatu, sisi Jumanne, cha tano Jumatano. Alhamisi ilikuwa ya Hamisi na maovaroli yake yaliyosimama yenyewe kwa oili. Ijumaa ilikuwa ya Bibi, na siku hiyo hakuna aliyegusa bomba mpaka yeye amalize, kwa sababu alitaka ua uwe mkavu na safi kabla ya swala.

Mimi nilikuwa mtoto mbishi, na mpangilio huo ulinikera. Kwetu Jumanne ilikuwa siku ya pili. Shuleni, kwa Kifaransa, iliitwa mardi, neno ambalo mwalimu hakuwahi kutuambia limetoka wapi, na sisi hatukuthubutu kumuuliza. Sasa naambiwa ni ya nne. Je, kama baba alikuwa amehesabu mpaka ya pili na sisi tunamngoja ya nne? Nilikwenda kwa Bibi, nikasimama mbele ya cherehani nikitaka maelezo.

"Sikia, mutoto wangu," alisema bila kuinua mguu kwenye kanyagio. "Siku kubwa ni Ijumaa. Ni siku ya batu kukusanyika, kusali pamoja. Ijumaa ikiisha, tunaanza kuhesabu. Ya mosi, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Vwala."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi ni ya tano."

"Si umesema ya tano ni Jumatano?"

"Ile ni ya tano yetu. Hii ni ya tano ya Baarabu. Bale banaanzaka kuhesabu Jumapili."

"Kwa hiyo wiki ina siku za tano mbili, halafu haina ya sita?"

Cherehani ilisimama. Bibi akavua miwani. "We mutoto, ulikuya hapa kukimbia vita ao kuleta ingine?"

Mama Furaha, aliyekuwa anaanika ndagala kwenye mkeka, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaniita nimsaidie kufukuza nzi, na yeye akanipa ya kwao. Kwao Jumamosi ilikuwa siku ya posho. Babu yake alifanya kazi kwa Wazungu, na Jumamosi ndiyo siku waliyompimia chakula cha wiki nzima: unga, chumvi, samaki mkavu. Siku nyingine zote alizihesabu kwa kazi tu, kazi moja, kazi mbili, mpaka posho irudi tena.

"Siku yenye haina chakula, unaipatia jina ya nini?" alisema Mama Furaha.

Kwa elimu hiyo nikakaa kwenye kizingiti cha namba nne nikatafakari, na nikagundua kitu ambacho kwa maoni yangu hakuna mtu mzima aliyekuwa amekiona. Siku tano zilikuwa na namba. Vyumba vitano vilikuwa na namba. Siku mbili tu ndizo zilikuwa na majina, na wenyewe walikuwa hapa hapa uani: Alhamisi ya Hamisi, na Ijumaa ya Bibi Mwajuma. Ukweli ni kwamba Hamisi alizaliwa siku ya Alhamisi na Bibi siku ya Ijumaa, na wazazi wao wakawapa majina ya siku hizo, jambo ambalo kila mtoto wa Buyenzi alilijua tangu ananyonya. Mimi niliyetoka kwenye akina Goreti na Dafroza niliuona mkokoteni umetangulia mbele ya punda na nikaridhika kabisa. Siku iliyo na namba, nilijiambia, ni siku tupu. Inangoja mpangaji.

Jumanne ya kwanza mama alifua alfajiri ili mikono iwe mikavu mapema. Alipika sombe, kisamvu cha kwetu, akafunika sufuria kwa sahani, akaenda kukaa kwenye ngazi ya garaji akiitazama barabara. Alikaa mpaka saa ya kuvrefe, ya kutotoka nje, ilipokaribia na Hamisi akalazimika kufunga milango ya bati. Jumanne ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Jumanne ya tatu mji wenyewe ulikuwa umekufa, kama tulivyozoea kusema siku zile ambazo vijana walifunga barabara na hata mbwa hawakutoka, na mama alikaa ndani ya mlango wa garaji akiangalia kupitia upenyo. Nilimtazama mgongo wake na nikajua kuna jambo lazima lifanyike.

Kosa niliona liko wapi. Baba alikuwa amepewa siku isiyo na mtu. Hamisi alikwenda mpaka Kajaga na mpaka Uvira kutafuta vipuri, na kila Alhamisi alikuwepo bombani na maovaroli yake. Bibi alikwenda misibani siku nzima, na kila Ijumaa alikuwepo. Wao walikuwa na siku za kurudia. Baba angefikiaje siku iliyoandikwa namba tu?

"Bibi, Jumanne ni ya nani?" nilimuuliza.

"Ya namba nne."

"Apana, siku yenyewe. Iko na mwenyewe?"

Alikuwa anapitisha uzi kwenye tundu la sindano, na mnajua mtu akiwa kwenye kazi hiyo hujibu chochote ili aachwe. "Ni ya Mungu. We ukiitaka, ichukue."

Nikaichukua. Nilitoka mbio hadi garaji, nikainama, nikaongea na miguu ya Hamisi, maana sehemu yake nyingine ilikuwa chini ya taksi.

"Fundi Hamisi, kuanzia leo Jumanne haiitwi tena Jumanne. Inaitwa Sipriani."

Miguu ilitulia. "Sipriani ni nani?"

"Baba yangu. Ni siku yake ya kuja."

Hamisi alijivuta akatoka. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye ndevu zilizoshika vumbi, na alikuwa hodari sana wa kuwatania watu. Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. "Mi siku yangu nilipewa bila kuomba," alisema. "Bon. Sipriani." Kisha akageuka na kumpigia kelele mwenye taksi aliyekuwa ng'ambo ya barabara, "Patro! Gari yako itaisha Sipriani!"

"Lini?"

"Sipriani! Katikati ya Jumatatu na Jumatano! We unaishi wapi?"

Ndivyo ilivyoanza. Mama Furaha aliipokea siku ile ile, akisema jina la mtu ni bora kuliko namba, na akaipeleka sokoni pamoja na ndagala zake. Wanawake wa vyumba vingine waliipokea bombani. Mzee wa kahawa aliyepita na birika yake aliipokea kwa Hamisi. Bibi Mwajuma alikataa kwa wiki nzima. Alisema siku zimepangwa na wakubwa wenye akili, haziwezi kupangwa na mtoto mwenye kamasi. Lakini wiki iliyofuata tukamsikia akiita kutoka barazani, "Namba nne! Kesho Sipriani, musisahau kulowesha nguo!" Mama Furaha akapiga vigelegele. Bibi akajifanya anakohoa.

Na mama. Mama hakuwa na desturi ya kumwita baba kwa jina lake. Alimwita Papa Goreti, kama wanawake wote wa kwetu. Aliposikia mara ya kwanza jina la mumewe likipigiwa kelele garajini aliweka kiganja mdomoni, na nikaogopa kwamba nimekosea. Kumbe alikuwa anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu tufike. Tangu hapo na yeye alilisema, kwa aibu kidogo, akiinamisha uso kwenye beseni. Kesho ni Sipriani. Nilete sabuni, leo ni Sipriani.

Nikisema kwamba ile ilikuwa miezi mizuri ya utoto wangu, msinishangae. Risasi zilisikika kutoka vilimani, na zikisikika wanawake waliacha kusugua, wakasikiliza zinatokea upande gani, kisha wakaendelea kusugua. Chakula kilikuwa kidogo. Lakini kila Sipriani bomba lilikuwa letu. Nilifungua kufuli mwenyewe, kwa ufunguo uliotundikwa kwenye msumari wa baraza, na maji ya kwanza yalitoka na mlio wa kikohozi. Mama alifua mashuka kwanza, nami nikashika ncha moja naye nyingine, tukayakamua tukisokota kila mmoja upande wake mpaka mikono iwashe. Povu lilitiririka kwenye mfereji mdogo likakutana na oili ya Hamisi likabadilika rangi. Mama Furaha alikaanga ndagala kwa pilipili, na aliyekuwa karibu alipata. Mimi nilijaza bido moja, nikaliweka mbali kidogo na ukuta mahali linapopata jua, ili baba akifika akute maji ya kuoga yenye uvuguvugu. Jioni, asipofika, tuliyatumia kuoshea vyombo. Sikuvunjika moyo. Niliona siku inazidi kuzoea jina lake, kama kiatu kipya.

Halafu akaja mwanamume mmoja. Nilimkumbuka, alifanya kazi ofisi moja na baba. Alikuja Jumatatu mchana, kofia mkononi, akauliza garajini, na Hamisi akampeleka mwenyewe mpaka kwa mama. Yule bwana, mama na Bibi wakaingia nyumbani kwa Bibi, na Bibi akafunga mlango, mlango ambao mchana haukuwahi kufungwa. Mama Furaha akanivuta kwake, akanipa sahani nzima ya ndagala, na alikuwa amezitoa vichwa moja moja. Mama Furaha hakuwahi kumtolea mtu ndagala vichwa. Nilikula zote, nikiwa na wasiwasi.

Walipotoka, yule bwana alinipapasa kichwani akapita. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka wa Bibi, amejifunika kitenge mpaka kwenye nyusi. Nilimuuliza kuna habari gani.

"Nyumba yetu," alisema. "Wameng'oa mabati yote."

Nikaamini. Kwa miezi mingi niliamini kwamba mama analilia mabati. Alikonda kwa ajili ya mabati, alinyoa nywele kwa ajili ya mabati, wanawake walikuja kukaa naye barazani kimya, wengine kutoka Bwiza, kwa ajili ya mabati. Nilimwonea huruma na pia nikaona anazidisha kidogo. Nilimfuata Hamisi nikamwambia kwamba akiona mabati yaliyotumika mahali fulani atuwekee, ili mama anyamaze. Hamisi, ambaye angeweza kutengeneza kichekesho kwa mwezi mzima kutokana na hilo, alisema tu, "Sawa, mutoto. Mi nitaangalia."

Mama aliacha kukaa kwenye ngazi ya garaji. Nilidhani amechoka kungoja, na nilimkasirikia, nikawa nakwenda kukaa mimi. Lakini ua haukuacha kuisema siku. Waliisema kwa uangalifu zaidi, hilo nililiona. Hamisi hakuipigia tena kelele barabarani. Alimsogelea mteja na kumwambia kwa sauti ya kawaida. Mama Furaha aliisema akitazama pembeni. Bibi akishasema kesho Sipriani, midomo yake iliendelea kidogo, kwa Kiarabu, chini chini, nami nikaelewa kwamba sasa siku imesajiliwa rasmi.

Mvua zikaja zikaisha, zikaja tena. Nilipandishwa darasa katika shule ya karibu, nikajifunza kuandika herufi kubwa zilizonyooka. Ndipo nikaona mlango wetu. Vyumba vyote vilikuwa na wenyewe, siku yetu ilikuwa na jina, na bado mlango ulikuwa na ile nne nyeupe. Ilikuwa siku yetu ya kufua. Nilimwacha mama bombani nikaenda garajini kuomba rangi. Nilitaka kuifuta namba na kuandika SIPRIANI, kwa herufi kubwa, ili asihitaji kuuliza mtu.

"Rangi iliisha," alisema Hamisi.

"Iko pale." Kopo lilikuwa kwenye rafu, nyeupe, na brashi juu yake.

"Ile ni ya gari ya mutu."

"Tone moja tu, fundi. Herufi nane."

Hamisi hakuwahi kuninyima kitu. Alikuwa amewahi kunipa bearingi za kuchezea na kiti cha gari kizima cha kukalia. Sasa alichukua kitambaa akaanza kufuta vidole, kimoja baada ya kingine, ingawa vilikuwa haviwezi kuwa safi zaidi ya vile. "Goreti," alisema, "muulize kwanza mama yako. Muulize leo. Usingoje kesho."

Nilirudi bombani nimevimba. Mama alikuwa amefikia mashuka. Alinipa ncha nikaipokea, tukaanza kusokota.

"Mama, nataka kuandika jina la baba mlangoni, Hamisi ananinyima rangi."

Mimi na yeye siku zote tulizungumza Kirundi. Alipofungua mdomo alizungumza Kiswahili, Kiswahili cha uani, kama vile alikuwa amekiazima kwa kazi hiyo tu.

"Leo ni siku gani?"

"Sipriani."

"Apana, Goreti." Aliendelea kusokota. "Leo ni Jumanne."

Nami niliendelea kusokota. Maji yalitiririka, yakawa matone, yakaisha, na bado tulisokota, kila mmoja amekaza ncha yake.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu wiki yenye tulikuya hapa. Baba yako hakufikia hata Jumanne ya kwanza akiwa muzima."

"Na yule bwana wa mabati?"

"Hakukuya juu ya mabati."

"Bibi anajua?"

"Anajua."

"Hamisi?"

"Bote banajua. Mi niliwaomba wanyamaze mpaka nikuambie. Kila wiki nilisema leo nitamuambia." Aliacha kusokota, akalikumbatia kifuani lile shuka lililosokotwa, akalowana. "Kisha ninawasikia wanamutaja. Fundi anamutaja, Bibi anamutaja, hata batu hawamujui wanamutaja. Kule kwetu hakuna mutu amebaki wa kumutaja. Nikasema, bon, wiki moja tena."

Nilikasirika kabla ya kuhuzunika, na niseme ukweli, nilimkasirikia yeye. Nilimkasirikia kwa kila bido la maji nililoliweka juani. Kisha nikamtazama, kichwa chake kilichonyolewa kikianza kuota nywele, gauni limelowa mbele, mtu aliyejinyima kulia kwa sauti mwaka mzima ili mimi niwe na siku, na hasira yote ikaniishia, nikabaki na kile kingine. Nililia bombani nikiwa nimeshika mkono wake. Wanawake waliingia vyumbani mwao wakatuachia ua.

Nilipomaliza niliosha uso. Nikamwambia mama kwamba siku ile niliwapa mimi, kwa hiyo mimi ndiye wa kwenda kuichukua. Aliniambia si lazima. Nilimwambia ni lazima.

Nilianzia kwa Bibi Mwajuma. Nilisimama mbele ya cherehani nikasema, "Bibi, leo ni Jumanne." Alivua miwani, akanivuta kifuani kwake penye harufu ya udi, na yale maneno ya Kiarabu aliyokuwa anayamumunya muda wote ule akayatoa kwa sauti, yote, polepole, Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun, mpaka mtaa wa nyuma ukasikia. Kwa Mama Furaha sikumaliza sentensi. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa akalia kwa nguvu ile ile anayochekea, akitulilia wote wawili, na pengine na wake wa Uvira.

Garajini Hamisi alikuwa na mteja, bwana mmoja mwenye shati la ofisini aliyeshika funguo na kuangalia saa. Nilingoja wamalize, kama nilivyofundishwa, lakini Hamisi aliponiona alimwacha mteja akanijia.

"Fundi," nilisema, "leo ni Jumanne."

Alitazama mikono yake, ikiwa imejaa oili. Akanyoosha kifundo cha mkono, kama mafundi wanavyosalimiana na wakubwa wenzao, nami nikakishika kwa vidole vyangu vyote. "Pole, mama," aliniambia. Sauti yake haikuwa na utani hata kidogo, na hakukiondoa kifundo chake mpaka mimi nilipokiachia.

Yule bwana wa ofisini hakuelewa kitu. Alikuwa na haraka zake. "Sasa fundi," alisema, "niambie tu, gari itaisha lini?"

Hamisi akanitazama mimi.

"Jumanne," nikamjibu mimi. "Gari yako itaisha Jumanne ijayo."

Yule bwana akashukuru, akatoka kwenda zake, akilirudia neno hilo njiani ili asilisahau.